Nguzo za mahekalu ya mwambani zinabeba nini?

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa ufundi ujenzi. Nimeona picha za mahekalu ya kale ya Kihindu yaliyochongwa ndani ya majabali huko India. Ndani yake kuna safu za nguzo, juu ya nguzo kuna boriti, na juu ya milango kuna linta, utadhani ni jengo lililopandishwa kwa mawe na mbao. Sisi tunafundishwa kwamba nguzo ipo kwa sababu kuna mzigo juu yake. Sasa, ikiwa hekalu zima limechimbwa ndani ya mwamba unaojishikilia wenyewe, nguzo hizo zinabeba nini? Na kama hazibebi kitu, mafundi walijitaabisha kwa nini?"

Jibu:

Marahaba, na ahsante kwa swali. Nguzo nyingi za mahekalu hayo hazibebi mzigo kwa namna unayofundishwa darasani, ingawa baadhi yake, hasa katika kumbi pana zilizochimbwa katika mwamba wenye matabaka, husaidia kweli kuishikilia dari. Hilo ndilo jibu la swali la kwanza. La pili linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu taabu unayoisema ilikuwapo, lakini haikuwa mahali unapodhani.

Hebu tuanze na kazi yenyewe. Wewe ukijenga, unaanza na kiwanja kitupu, unaleta vifaa, na kila nguzo ni gharama ya saruji, kokoto, nondo, mbao za kufungia zege na siku za kusubiri zege likomae. Mchongaji wa mwambani alianza na jabali zima, na kitu alichokitengeneza kilikuwa ni uwazi. Kwake yeye nguzo ni kipande cha jabali ambacho hakukiondoa. Kwa hesabu ya mikono na siku, nguzo nene ya mraba iliyoachwa katikati ya ukumbi ilimpunguzia kazi, maana kila mita moja ya ujazo aliyoiacha ni karibu tani mbili na nusu za mawe ambazo hakulazimika kuzipasua kwa tindo na nyundo, wala kuzibeba hadi nje. Taabu ilianza pale alipoamua kwamba kipande hicho kifanane na nguzo ya jengo, kiwe na kitako, shina, kichwa, na juu ya kichwa mkono wa kuipokea boriti ambayo nayo haipo ila kwa sura. Kwa hiyo inatubidi tujiulize kwa nini jiwe liliachwa pale, kisha tujiulize kwa nini lilivishwa umbo la kitu kilichojengwa, na majibu ya maswali hayo mawili hayafanani.

Nitenganishe kwanza maneno mawili ambayo katika mazungumzo yetu huchanganywa. Mhindi ni mtu wa India au mwenye asili ya huko, na Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Tofauti hiyo ina uzito hapa kwa sababu mapango ya kwanza kabisa kuchongwa na Wahindi hayakuwa ya Wahindu. Katika vilima vya Barabar, jimbo la Bihar, yapo mapango ambayo mfalme Ashoka aliyatoa katika karne ya 3 KK kwa watawa wa madhehebu ya Ajivika, madhehebu yaliyotoweka zamani. Yamechongwa katika graniti, na kuta zake za ndani zimesuguliwa mpaka zinang'aa kama kioo. Kwenye lango la pango mojawapo, liitwalo Lomas Rishi, mafundi walichonga mbele ya nyumba ya miti: paa lililopinda kama upinde, ncha za makombamoyo zikitokeza chini yake, na nguzo mbili zilizoinamia ndani kidogo, kama mtu anavyoinamisha miti ya pembeni ili paa lisiisukume nje. Hakuna paa pale, wala hakuna kinachosukuma, lakini fundi aliyejifunza kazi yake kwa seremala aliona lango bila miti hiyo si lango.

Baadaye Wabudha wa magharibi mwa India waliendeleza jambo hilo kwa namna ambayo itakufurahisha wewe mwanafunzi wa ujenzi. Katika ukumbi wa ibada wa Bhaja, wa karne ya 2 KK, nguzo zote za jiwe zimeinama kuelekea ndani, kana kwamba zinaupinga msukumo wa kuba la mbao. Katika ukumbi wa Karla, wa karne za kwanza BK na wenye urefu wa mita 38 hivi, chini ya kuba la jiwe ziliwekwa mbavu za mbao halisi ambazo zipo hadi leo. Mbao hizo hazishikilii jiwe, bali jiwe ndilo linaloshikilia mbao.

Sisi wa Afrika Mashariki tunacho kipimo cha kutusaidia kuona ajabu ya jambo hili. Katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja, upana wa chumba uliamuliwa na boriti ya mkoko. Boriti hiyo ni nadra kuvuka mita tatu ikiwa bado imara, kwa hiyo hata tajiri mwenye nyumba ya ghorofa alilala katika chumba kirefu chembamba, maana mti haukumruhusu kupanua. Mchongaji wa mwambani hakuwa na kizuizi hicho. Angeweza kuipeleka dari upana wowote ambao jabali lingestahimili, akaiacha tupu. Hata hivyo alipima nafasi kati ya nguzo na nguzo kana kwamba alikuwa na boriti mkononi, akachonga boriti hiyo darini, na wakati mwingine juu yake akachonga vijiti vya kuvuka.

Wahindu waliingia katika kazi hii wakiwa wamechelewa. Wabudha walikuwa na watawa waliohitaji makazi wakati wa masika, na walikuwa na wafanyabiashara waliolipia machimbo kando ya njia za misafara. Ibada ya Kihindu ya kale zaidi, kwa upande wake, ilizunguka moto wa sadaka na madhabahu za muda, ambazo hazikuhitaji nyumba ya kudumu. Ilipoenea desturi ya kuabudu mungu katika sanamu inayokaa mahali pamoja, inayoogeshwa, kuvishwa na kulishwa, mungu huyo alihitaji nyumba, na hapo ndipo wafalme wa Kihindu na mawaziri wao walipoutazama mwamba kwa jicho jipya.

Mahali pazuri pa kuuona mwanzo huo ni Udayagiri, karibu na mji wa Vidisha katika jimbo la Madhya Pradesh. Katika kilima kile cha mawe ya mchanga kuna mapango 20, mengi yakiwa ya enzi ya wafalme wa Gupta. Katika pango la 6 kuna maandishi ya mwaka wa 82 wa kalenda ya Gupta, yaani 401 au 402 BK, wakati wa Chandragupta wa Pili, na hayo yanalifanya kuwa miongoni mwa mahekalu ya mwanzo kabisa ya Kihindu ambayo tarehe yake inajulikana. Katika pango la 7 waziri wa mfalme huyo, Virasena, mtu wa Pataliputra, aliandikisha kwamba alifika pale pamoja na mfalme aliyekuwa akitaka kuishinda dunia yote, na kwamba alilifanya pango hilo kwa ajili ya mungu Shiva.

Usitarajie kumbi kubwa huko. Mengi ni vyumba vidogo vya mraba, kuta zake tupu, na mapambo yote yamekusanywa mlangoni: miimo yenye nakshi, linta inayopita pande zote mbili za mlango hata umbo lote likafanana na herufi T, na walinzi wawili wa jiwe kushoto na kulia. Mbele ya baadhi ya vyumba palikuwa na baraza lililojengwa kwa mawe ya kuletwa, na sehemu kubwa ya mabaraza hayo imeanguka, wakati chumba kilichochongwa kimesalia. Pango la 1 linafundisha zaidi kuliko mengine. Pale mwamba wa asili ulikuwa umetokeza mbele kama ukingo wa paa, na mafundi waliutumia kuwa dari ya baraza, wakasimamisha nguzo chini yake, kisha wakaongeza kuta. Hilo ni nusu pango na nusu jengo, na anayelitazama anaona kwamba waliofanya kazi hiyo hawakuziona njia hizo mbili kama fani mbili zilizotengana. Nguzo za ndani utazikuta katika pango la 19, kubwa kuliko yote ya kilima kile, nazo ni nne tu, nene na za mraba, katika chumba ambacho upana wake haufiki mita saba.

Nisipoutaja mchongo mkubwa wa pango la 5 nitakuwa nimekunyima kitu, ijapokuwa hauna nguzo hata moja. Ni kishubaka kipana kisicho na kina, na ndani yake mungu Vishnu, mwenye kichwa cha nguruwe mwitu na kimo cha karibu mita 4, anaiinua dunia kutoka baharini, nayo dunia ni mwanamke aliyening'inia kwenye pembe ya mdomo wake. Nyuma yake wamepangwa watakatifu safu kwa safu, na maji yamechorwa kwa mistari ya mawimbi. Wataalamu wengi wanauona mchongo huu pia kuwa sifa kwa mfalme aliyetaka kuitawala dunia, nami nakubaliana nao, nikikumbuka maneno ya Virasena yaliyo hatua chache tu kutoka hapo.

Sasa twende kusini, kwenye mji wa Badami katika jimbo la Karnataka, uliokuwa makao ya wafalme wa Chalukya. Juu ya ziwa, katika jabali jekundu la mawe ya mchanga, kuna mapango manne. Matatu ni ya Kihindu na la nne ni la dini ya Jaina. La 3, kubwa na zuri kuliko yote, lina maandishi ya mwaka wa 500 wa kalenda ya Saka, sawa na 578 BK, yanayosema kwamba Mangalesha alilichonga kwa ajili ya Vishnu katika utawala wa kaka yake Kirtivarman, na kwamba kijiji kilitolewa kwa ajili ya gharama za ibada. Hapa mpango wa hekalu umekwisha kukomaa. Unapanda ngazi na kuingia katika baraza refu lenye safu ya nguzo mbele. Kutoka barazani unaingia ukumbi wenye nguzo, na nyuma kabisa, katika ukuta wa ndani, kimechongwa chumba kidogo cha mraba kilicho gizani, ambacho kwa Kisanskriti huitwa garbhagriha, maana yake nyumba ya tumbo la uzazi, ambamo mungu hukaa.

Mpango huo una babu yake. Wabudha walikuwa na aina mbili kuu za machimbo: ukumbi mrefu wa ibada wenye kuba, kama Karla, na nyumba ya watawa yenye ukumbi wa mraba, dari bapa na vyumba vidogo vya kulala pande zote. Wahindu waliacha ule wa kwanza karibu kabisa, wakachukua wa pili, wakafuta vyumba vya kulala kwa kuwa hapakuwa na wa kulala humo, na wakakibakiza chumba cha nyuma ambamo katika nyumba za watawa za baadaye, kama zile za mapango ya Ajanta katika jimbo la Maharashtra, palikuwa na sanamu ya Budha. Walter Spink, mwanahistoria wa sanaa wa Marekani aliyetumia miongo mingi akiichunguza Ajanta, alishikilia kwamba kazi za Ajanta zilipokoma kuelekea mwisho wa karne ya 5, mafundi walienda kutafuta kazi kwingine, na mahekalu ya Kihindu ya karne ya 6 yakafaidi ujuzi wao. Anayezilinganisha nguzo hatashangaa, kwani fundi hubadili tajiri bila kubadili mkono.

Turudi Badami, kwa sababu ni hapa ambapo mwalimu wako wa nguvu za majengo atapata cha kusema. Jiwe huvumilia sana kukandamizwa na huvumilia kidogo kuvutwa. Ukitoboa uwazi ndani ya jabali zima lisilo na nyufa, uzito wa juu hujigawa na kupita pembeni kama unavyopita katika tao, na dari hubaki salama hata ikiwa pana. Lakini mawe ya mchanga yameumbika kwa matabaka yaliyolala moja juu ya jingine, na miamba ya volkano ya Dekani, uwanda wa juu wa India, nayo ni mtiririko juu ya mtiririko. Tabaka la chini kabisa, lile unaloliona kama dari, linaweza kuachana na lililo juu yake. Likiachana, halina tena msaada wa tao, bali hugeuka ubao mwembamba wa jiwe ulioshikwa pembeni tu, hujipinda kwa uzito wake wenyewe, na upande wake wa chini huvutwa mpaka ukapasuka. Hapo nguzo iliyoachwa ukumbini inapata kazi halisi, kwani inaufupisha upana ambao ubao huo unapaswa kuuvuka. Wachongaji hawakuandika hesabu hizo, lakini walikuwa watu walioishi na jiwe, na waliona machimbo yaliyodondosha dari. Kwa hiyo usizifute nguzo zote kwa neno "pambo". Katika kumbi kubwa zilikuwa pia bima.

Hata hivyo, ukitaka ushahidi kwamba bima hiyo mara nyingi haikudaiwa, vuka hadi kisiwa cha Gharapuri katika bandari ya Mumbai. Wareno waliokichukua kisiwa hicho katika karne ya 16 walikiita Elephanta kwa sababu ya tembo mkubwa wa jiwe waliyemkuta huko. Hekalu kuu la kisiwa hicho limechongwa katika basalti, jiwe gumu la volkano, na wengi wanaliweka katikati ya karne ya 6. Ukumbi wake una karibu mita 39 kutoka upande hadi upande, na dari yake haina kimo sawa kila mahali, bali hupanda na kushuka kati ya mita 4.5 na 5 na ushei. Hapo awali palikuwa na nguzo 26 zilizosimama peke yake, ukiacha zile zilizoshikamana na kuta. Waliolipima pango hilo katika karne ya 19 walikuta nane zimevunjika na nyingine zimeharibika vibaya. Katika baadhi yake shina lilikuwa limetoweka, na kichwa cha nguzo kilikuwa kikining'inia kutoka darini kama tunda, kwa sababu kilikuwa ni sehemu ya jabali lilelile. Dari haikuanguka. Nadhani hakuna jaribio la maabara lingekujibu swali lako vizuri kuliko hilo.

Lakini zitazame nguzo hizo za Elephanta zilivyoumbwa. Nusu ya chini ni mraba mzito usio na nakshi. Juu yake shina linakuwa la mviringo lenye mifuo iliyosimama, linapungua kidogo shingoni, kisha linafura na kuwa kichwa kilichobonyea, mfano wa mto wa kukalia uliolemewa na mtu mnene. Mchongaji amelionesha jiwe likilemewa. Nguzo isiyobeba kitu imechongwa ikiwa na sura ya kubeba mlima, na kwa maoni yangu huo ndio ufundi mkubwa zaidi ndani ya ukumbi ule baada ya sanamu yenyewe ya Shiva. Mwabudu anayeingia anajua kwamba juu yake kuna kilima kizima. Akikuta dari tupu, mwili wake utaogopa. Akikuta vichwa vile vilivyobonyea vikiupokea uzito, anatulia.

Kuna na kazi nyingine, ya kuongoza macho na miguu. Elephanta ina njia kuu mbili zinazokatana. Anayeingia kwa upande wa mashariki anakabiliana, mwisho wa safu ya nguzo, na chumba cha mraba kinachosimama peke yake upande wa magharibi wa ukumbi, chenye milango minne, na kila mlango una walinzi wawili wakubwa wa jiwe. Ndani yake kuna linga, jiwe lililosimama linalomwakilisha Shiva. Katika simulizi za wafuasi wake, Shiva alijidhihirisha kama nguzo ya moto isiyo na mwanzo wala mwisho. Hivyo katika msitu ule wa nguzo, ile muhimu kupita zote ni fupi, haigusi dari, na wala hakuna anayedai kwamba inabeba kitu. Anayeingia kwa upande wa kaskazini anaangaliana, ukutani kusini, na sanamu yenye kimo cha mita 5 na nusu hivi ya Shiva mwenye nyuso tatu zinazoonekana, iliyochongwa kuanzia kifuani kwenda juu, kana kwamba mungu anatokeza kutoka ndani ya jabali na bado hajamaliza kutoka. Watu wengi huiita Trimurti wakidhani ni miungu watatu, Brahma, Vishnu na Shiva, ilhali inayoonekana pale ni Sadashiva, Shiva mmoja katika hali zake mbalimbali.

Chumba cha linga hakikuchongwa katika ukuta wa nyuma kama Badami, bali kiliachwa kikiwa kisiwa ndani ya ukumbi, na sababu yake ni ya ibada. Mwabudu hulizunguka patakatifu akiwa amelielekezea mkono wa kulia, na chumba kilichozama ukutani hakizungukiki. Utaukuta mpango huohuo katika pango la 29 la Ellora, kundi jingine la mapango ya Maharashtra, liitwalo Dhumar Lena. Hapo nguzo zinakuwa kama mistari ya barabara. Zinafungua njia moja kwa macho na kuziba nyingine, zinagawanya nuru inayotoka nje, na michongo mikubwa ya ukutani huonekana kwa vipande kati ya shina na shina hadi mtu asogee. Ukumbi mtupu wa ukubwa ule ungeonesha kila kitu kwa mara moja.

Sasa nije kwenye maandishi ambayo, lau ningelazimika kukujibu kwa ushahidi mmoja tu, ningeyachagua hayo. Huko Mandagapattu, katika jimbo la Tamil Nadu, mfalme Mahendravarman wa Kwanza wa ukoo wa Pallava, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 7, alichonga pango dogo kwa ajili ya Brahma, Shiva na Vishnu. Katika maandishi yake, akijiita kwa mojawapo ya majina yake ya sifa, Vichitrachitta, yaani mwenye fikra za ajabu, anasema kwamba amefanya hekalu lisilo na matofali, lisilo na mbao, lisilo na chuma wala chokaa. Majigambo hayo yanatuambia kwamba hekalu la kawaida katika nchi yake lilikuwa la vitu hivyo vinne, yaani vitu vinavyooza, vinavyoshika kutu na vinavyomomonyoka. Yeye alitaka lisilooza. Lakini zitazame nguzo za mbele ya pango lile: chini ni mraba, katikati pembe zimekatwa ikawa na pande nane, juu ikarudi kuwa mraba. Hilo ni gogo la seremala lililopunguzwa kingo kwa shoka katikati na kuachwa ncha zake zilivyo ili zishikane na viungio. Mfalme ameondoa mbao, lakini alama ya seremala amebaki nayo, na asingeweza kuiacha. Shimo katika jabali ni makao ya popo na chui. Ili mwabudu alione kuwa ni nyumba ya mungu, ilibidi lizungumze lugha ya nyumba aliyoizoea, yenye baraza, nguzo, linta na boriti.

Kwa kuwa wewe ni wa ufundi, ni haki yako kujua kazi yenyewe ilivyokwenda. Huko Mamallapuram, pwani ya Tamil Nadu, yapo machimbo ambayo hayakumalizwa, nayo yana faida kwetu kuliko yaliyomalizwa. Uso wa graniti uligawanywa kwa mifereji iliyochimbwa kwa tindo ikawa miraba, kama bamba la kashata, kisha kila mraba ukabomolewa, na mafundi wakarudia tena ndani zaidi. Kazi ilianzia juu. Dari ilimalizwa kwanza wakati fundi angali amesimama juu ya jiwe ambalo halijachimbwa, kwa hiyo hakuhitaji jukwaa, na aliteremka pamoja na sakafu kadiri ilivyoshuka. Nguzo ziliachwa nene kupita kiasi mpaka mwishoni, ili kama nyundo ingepasua kona, pabaki jiwe la kutosha kuumba upya. Ndiyo maana katika machimbo yaliyoachwa njiani utakuta nguzo zilizokamilika vichwa huku miguu yake ikiwa bado ni bonge la mwamba, jambo ambalo wewe hutaliona katika eneo lolote la ujenzi.

Kosa halikuwa na marekebisho mengi. Ufa ukijitokeza katikati ya uso wa sanamu, fundi angeweza kupachika kipande kidogo cha jiwe, lakini hakuweza kuirudisha nguzo aliyoivunja. Baadhi ya machimbo yaliachwa pale mwamba ulipobainika kuwa mbovu. Maji nayo yalikuwa adui, kwani mvua ya masika hushuka kwenye uso wa jabali na kupenya barazani. Kwa hiyo juu ya lango waliacha ukingo wa jiwe uliotokeza kama upenu, wakachimba na mifereji ya kuyapeleka maji pembeni. Upenu huo, tofauti na boriti za darini, ulifanya kazi yake kwelikweli.

Hekalu maarufu la Kailasa huko Ellora, pango la 16, ambalo huenda ni mojawapo ya picha ulizoziona, silijadili hapa kwa urefu. Ni la karne ya 8, enzi ya Krishna wa Kwanza wa ukoo wa Rashtrakuta, na kwa hakika si pango, maana mafundi walichimba handaki pande zote za jabali, kisha wakalichonga bonge lililobaki katikati, nje na ndani, likawa hekalu zima lenye paa lililo wazi kwa jua. Kwa swali lako lina faida moja: lina nguzo zenye paa la kubeba, ingawa paa na nguzo vyote ni jiwe moja.

Rudi sasa Elephanta kwa mara ya mwisho. Nguzo kadhaa kati ya zile zilizovunjika zilirudishwa baadaye na watunzaji wa mambo ya kale, na kwa kuwa jiwe la asili lilikuwa limekwisha kutoweka, ilibidi zijengwe. Ukipata picha nzuri ya ukumbi ule, zitafute. Rangi yake inatofautiana kidogo na ya jirani zake, na uso wake ni laini mno. Hizo peke yake, katika ukumbi mzima, ndizo nguzo zilizopandishwa kutoka chini kwenda juu kama unavyofundishwa, na zilifika kwenye dari ambayo ilikuwa imekwisha kukaa muda mrefu bila ya kuzihitaji.